Bilharz: Daktari kijana aliyefichua mnyoo wa kichocho unaosumbua Msambweni hadi leo

Chukua matatu pale Likoni, pita Tiwi na Ukunda, iache Diani na hoteli zake mkono wako wa kushoto, kisha endelea mpaka Msambweni. Ukiteremka, usikimbilie ufuo. Geuka uingie ndani kidogo, upande wa Milalani. Mvua zikiwa zimenyesha vizuri, utakuta vidimbwi vimejaa. Na saa ile jua liko utosini, utakuta watoto wamejitupa humo wanaogelea, huku akina mama wakifua kando. Ukiwa umetoka mjini na joto limekukolea, wewe mwenyewe utatamani kuvua viatu.

Subiri kwanza. Ndani ya maji yale huenda kuna konokono mdogo, na ndani ya konokono huyo kuna kitu usichoweza kukiona kwa macho. Kitaingia mwilini kupitia ngozi yako, bila hodi. Wiki kadhaa au miezi baadaye utaenda haja ndogo, uone damu. Nyumbani watakwambia ni kichocho. Ukifika hospitali, daktari huenda akaandika bilharzia.

Je, umewahi kujiuliza neno hilo bilharzia lilitoka wapi? Si Kiswahili, si Kiarabu, wala si Kiingereza. Ni jina la mtu. Alikuwa daktari Mjerumani, alikufa akiwa na miaka 37, na hakuwahi kukanyaga Kwale. Lakini kama wewe ni kijana wa Pwani, maisha yake yanakuhusu kuliko unavyodhani. Yanakuhusu kwa yale mazuri aliyoyafanya, na pia kwa yale ambayo leo tungeyakataa katakata.

Kijana wa mji mdogo

Theodor Maximilian Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 huko Sigmaringen, mji mdogo kando ya Mto Danube, kusini mwa Ujerumani. Wakati huo Ujerumani kama nchi moja haikuwepo. Kulikuwa na milki nyingi, nyingine ndogo kabisa, kila moja na mtawala wake. Baba yake Theodor alikuwa afisa katika serikali ya mtawala wa Sigmaringen. Mdogo wake, Alfons, naye baadaye alikuwa daktari.

Theodor alikuwa na kaugonjwa kake: kupenda viumbe ambavyo watu wengine huvikanyaga bila kuvitazama. Alisomea vyuo vikuu vya Freiburg na Tübingen, na wakati wenzake wakifikiria watakavyofungua zahanati na kutibu matajiri, yeye alikuwa ameinama juu ya hadubini. Huko Tübingen alishinda tuzo ya chuo kwa insha aliyoandika kuhusu damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Hebu fikiria: kijana wa miaka ishirini na kitu, anashindania tuzo kwa kuchunguza damu ya wadudu na konokono. Leo ungemcheka. Lakini ushamba wake huo ndio uliomtengeneza.

Walimu wawili waliyageuza maisha yake. Wa kwanza aliitwa Carl Theodor von Siebold, bingwa wa wanyama wadogo na minyoo wakati huo. Bilharz alifanya kazi karibu naye Freiburg, akajifunza kuangalia mnyoo kama mtu anavyosoma kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Wa pili alikuwa Wilhelm Griesinger, daktari aliyemfundisha Tübingen. Mwaka 1850 Griesinger alipata kazi kubwa: kusimamia mambo ya tiba Misri, chini ya mtawala Abbas. Alihitaji msaidizi. Akamchukua Bilharz.

Kwa hivyo kijana wa miaka 25 akafunga mizigo, akavuka bahari, akafika Kairo.

Kairo na ugonjwa wa tangu enzi za Mafirauni

Usidhani Bilharz alikuta jangwa lisilo na elimu. Kairo ilikuwa na hospitali kubwa ya Kasr el-Aini, na pamoja nayo shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1827, wakati wa Muhammad Ali. Vijana wa Kimisri walikuwa wakisomea udaktari pale miaka mingi kabla Bilharz hajaijua hata njia ya kwenda Misri. Yeye aliingia katika nyumba ambayo wengine walikuwa wameshaijenga, akajifunza Kiarabu, akaanza kazi.

Na kazi ilikuwa nyingi. Wagonjwa wengi walikuwa wakulima wa bonde la Nile na askari, watu waliozoea kushinda ndani ya maji ya mifereji wakimwagilia mashamba. Wengi wao walikojoa damu. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba watu walishaacha kushangaa. Madaktari wa jeshi la Napoleon, walioingia Misri mwaka 1798, walikuwa wameliona kwa askari wao wakaandika wanavyodhani: labda joto, labda jasho. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa mkongwe sana. Mwaka 1910 mtafiti Marc Armand Ruffer alikuja kupata mayai ya mnyoo huu katika figo za maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, watu waliokufa zaidi ya miaka 3,000 nyuma.

Yaani kwa maelfu ya miaka watu waliugua, wakatibiwa kwa hili na lile, na hakuna aliyejua mgonjwa amebeba nini mwilini.

Siku mnyoo ulipoonekana

Mwaka 1851 Bilharz alikuwa akipasua maiti hospitalini, kazi aliyokuwa akiifanya mara kwa mara pamoja na Griesinger ili kujua watu wanakufa kwa nini. Alipofungua mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, akaona minyoo myeupe, membamba. Ni minyoo midogo, karibu sentimita moja kwa urefu. Mtu mwingine angeifuta kwa kitambaa aendelee na kazi. Bilharz aliiweka chini ya hadubini.

Hapo ndipo yale mapenzi yake ya tangu chuoni yalipomlipa. Aligundua kwamba mnyoo wa kiume una mwili mpana uliojikunja kama mfereji, na ndani ya mfereji huo amembeba mnyoo wa kike, mwembamba kama uzi. Wanaishi wamekumbatiana hivyo, miaka. Mnamo tarehe 1 Mei 1851 alimwandikia barua mwalimu wake Siebold kumweleza alichokiona, na barua nyingine zikafuata. Siebold alizichapisha Ujerumani.

Lakini kuona mnyoo ni jambo moja, kujua unafanya nini ni jambo jingine. Bilharz hakuridhika. Alichunguza vibofu vya waliokufa, akakuta kuta zake zina vidonda na uvimbe, na ndani ya vidonda hivyo akakuta mayai. Mayai hayo yalikuwa na kijiba kidogo mwishoni, kama ncha ya sindano. Akaunganisha mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa ameyaunganisha: mnyoo ule kwenye mshipa na damu ile kwenye mkojo. Griesinger naye akahesabu. Kati ya maiti 363 walizozipasua, 117 zilikuwa na alama za ugonjwa huu. Karibu mmoja kati ya kila watatu.

Tulia kidogo hapo. Yule mtu wa kwanza, ambaye mshipa wake ulifunguliwa mnyoo ukaonekana, alikuwa nani? Historia imehifadhi jina la daktari, jina la mwalimu wake, hata tarehe ya barua. Jina la marehemu halimo. Hatujui alitoka kijiji gani, wala mama yake alikuwa nani. Jamaa zake hawakuulizwa, na kama waliulizwa hakuna aliyeandika. Yeye ndiye aliyetoa mwili, mwingine akapata jina. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Profesa wa Kairo

Griesinger alirudi Ujerumani mwaka 1852. Bilharz akabaki. Alipanda ngazi hospitalini mpaka akawa profesa, akiwafundisha wanafunzi wa Kimisri jinsi mwili wa binadamu ulivyoundwa. Wakati huohuo hakuacha kuwinda viumbe vidogo. Alieleza tegu mdogo anayeishi kwenye utumbo wa binadamu na ambaye hadi leo anapatikana duniani kote, na mnyoo mwingine mdogo wa utumbo unaotokana na kula samaki wasioiva.

Mwaka 1857 alichapisha kitabu kizima kuhusu kambare wa Mto Nile anayepiga shoti ya umeme. Wavuvi wa Misri walimjua samaki huyo tangu zamani, maana wengi walishaonja shoti yake. Bilharz alitaka kujua umeme ule unatoka wapi mwilini mwa samaki, akafuata mishipa ya fahamu mmoja mmoja mpaka akapata jibu.

Wenzake nao wakaanza kuupa ule mnyoo jina lake. Mwaka 1856 daktari mmoja Mjerumani, Meckel, alipendekeza uitwe Bilharzia. Miaka miwili baadaye mwingine, Weinland, akatoa jina Schistosoma, na ndilo lililokuja kukubaliwa katika sheria za kisayansi. Lakini jina la kwanza lilishaingia midomoni mwa watu. Ndiyo maana hadi leo, ukiwa Msambweni au Mwea au Mwanza, utalisikia bilharzia.

Upande ambao vitabu vingi huuruka

Sasa nikuambie jambo ambalo vitabu vingi vya sayansi havikuambii. Bilharz alikuwa pia akikusanya mafuvu ya binadamu. Alipokufa, aliacha Kairo mkusanyiko wa mafuvu ya watu wa kaskazini mashariki mwa Afrika. Yalipelekwa Freiburg, na mwaka 1866 profesa Alexander Ecker akayachapishia maelezo, akiyapima na kuyapanga kwa makabila, kama mtu anavyopanga vipepeo kwenye kabati.

Enzi hizo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba kwa kupima fuvu utajua watu wa aina gani ni bora na wa aina gani ni duni. Imani hiyo ilikuwa uongo, na uongo huo uliwaumiza babu zetu. Mafuvu yale yalikuwa vichwa vya watu waliozaliwa, wakapendwa, wakaliliwa. Chuo cha Freiburg kimelazimika kukabiliana na historia yake hiyo: mwaka 2014 kilirudisha Namibia mabaki ya watu yaliyochukuliwa huko wakati wa ukoloni.

Kwa hivyo Bilharz tumpigie makofi au tumlaani? Nakuachia uamuzi. Ila usikubali mtu akusimulie nusu. Mkono uleule uliofichua adui wa watoto wa Kwale ndio uliokusanya vichwa vya Waafrika bila idhini. Aliyetaka kujua kwa nini Mmisri anakojoa damu, hakuona vibaya kumgeuza Mwafrika mwingine kuwa kitu cha kabatini.

Safari ya mwisho

Mwaka 1862 mtawala mmoja wa Kijerumani, Duke Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha, alifunga safari ya kwenda Massawa, bandari ya Bahari ya Shamu iliyo Eritrea ya leo. Bilharz alialikwa awe daktari wa msafara. Njiani akamhudumia mgonjwa wa homa kali ya kuambukiza, na yeye mwenyewe akaambukizwa. Alirudi Kairo akiwa hoi. Tarehe 9 Mei 1862 akafariki, ikiwa imepita miaka 11 na siku chache tangu aandike ile barua. Alizikwa hukohuko Kairo. Leo taasisi ya utafiti wa kichocho iliyoko Giza, Misri, ina jina lake, na hata shimo moja la mwezini limepewa jina hilo.

Alikufa akijua mnyoo ukoje, unakaa wapi na unaumiza vipi. Jambo moja kubwa hakulijua: unaingiaje mwilini. Watu waliendelea kubahatisha kwa zaidi ya miaka 50. Wengine walisema ni maji ya kunywa. Jibu lilianza kupatikana Japani mwaka 1913, watafiti Miyairi na Suzuki walipoonyesha kwamba mnyoo wa kwao, ndugu wa huu wetu, hukulia ndani ya konokono. Mwaka 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, Mwingereza Robert Leiper alifika Misri akathibitisha kwamba hata mnyoo wa Bilharz hupitia kwa konokono wa maji matamu. Ilichukua miaka 64 kutoka mnyoo kuonekana hadi njia yake kujulikana.

Njia yenyewe ni hii, na uishike vizuri. Mgonjwa akikojoa ndani au kando ya maji, mayai yanaingia majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka humo kinamtafuta konokono, kinaingia, kinaongezeka. Baada ya wiki kadhaa konokono anamwaga majini maelfu ya vijidudu vyenye mkia, hasa mchana jua likiwa kali, saa zilezile watoto wanapenda kuogelea. Vinapenya ngozi kwa dakika chache. Vinasafiri na damu hadi kwenye ini, vinakomaa, vinaoana, kisha vinahamia kwenye mishipa inayozunguka kibofu na kuanza kutaga. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa mwilini, na hayo yaliyonasa ndiyo yanayoleta vidonda.

Bahari haina konokono hao. Bwawa la hoteli ya Diani lenye dawa halina pia. Ndiyo maana mtalii anaogelea wiki nzima anarudi kwao salama, na mtoto aliye kilomita chache kutoka hoteli ile anaogelea mara moja anapata mzigo wa miaka.

Kwale inaingia kwenye simulizi

Sasa rudi nami Msambweni. Tangu miaka ya 1980 eneo hili limekuwa moja ya sehemu zilizochunguzwa sana kuhusu kichocho Afrika Mashariki. Watafiti wa Wizara ya Afya ya Kenya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, walizunguka shule za hapa wakipima mkojo wa wanafunzi na kutazama vibofu vyao kwa ultrasaundi. Kule Milalani na Nganja wengine walihesabu konokono dimbwi kwa dimbwi, kuona ni maji gani yenye hatari zaidi. Baadaye wakaja wengine, wakiwemo wa KEMRI na wa Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani.

Kama ulisomea Kwale, huenda wewe mwenyewe umewahi kupewa kikopo. Unaambiwa ukojoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi. Fundi wa maabara anachukua mililita 10, anazipitisha kwenye kichujio chembamba, anaweka chini ya hadubini, anahesabu yai moja moja. Kile kijiba alichokiona Bilharz mwaka 1851 ndicho anachokiona yeye leo.

Utafiti huo umezaa matunda, tusiwe wachoyo wa shukrani. Ulisaidia kuonyesha kwamba ukimpa mtoto dawa mapema, kibofu chake kinaweza kupona. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1970, na mpango wa taifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni ulianza kote nchini mwaka 2012. Pengine unakumbuka ile fimbo ya kupimia urefu: unasimama kando yake, inaonyesha umeze vidonge vingapi. Kati ya 2015 na 2017 pia, utafiti wa TUMIKIA uligawa Kwale katika makundi 120 ya jamii kutafuta jibu la swali moja kuhusu minyoo ya safura: dawa zitolewe shuleni pekee, au kila nyumba? Jibu lilikuwa kwamba kutibu jamii nzima kunapunguza safura zaidi kuliko kutibu wanafunzi peke yao. Swali liliulizwa Kwale, likajibiwa na watu wa Kwale kwa miili yao, na jibu likasomwa dunia nzima.

Sasa lile jambo nililokwambia ulishike. Wewe uliyetoa mkojo, uliambiwa matokeo? Mama aliyechomwa sindano ya damu, kuna aliyerudi kumweleza kilichopatikana, kwa Kidigo au Kiduruma au Kiswahili anachokielewa? Ripoti zinachapishwa kwa Kiingereza, zinawekwa mahali ambapo mwanakijiji hafiki. Mtu wa Kairo wa mwaka 1851 hakuwa na namna ya kuuliza. Wewe unayo. Siku hizi utafiti wowote kwa binadamu nchini Kenya lazima upitishwe na kamati ya maadili, na lazima uombwe idhini yako kwanza. Una haki ya kuuliza ni wa nini, nani anaugharamia, sampuli yako inapelekwa wapi, na matokeo yatarudi lini kijijini. Una haki ya kukataa pia, na huduma yako hospitalini isipungue hata chembe.

Usifikiri maswali haya ni ya wabishi. Misri ilijifunza kwa uchungu. Baada ya Bilharz, kwa miongo mingi wagonjwa wa kichocho walitibiwa kwa sindano. Katika kampeni kubwa za kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano zilezile zilitumiwa kwa watu wengi bila kusafishwa ipasavyo, na virusi vya homa ya ini aina ya C vikaenea kwa mamilioni. Watu walikwenda kutibiwa ugonjwa mmoja wakarudi na mwingine. Nia njema peke yake haitoshi.

Elimu iliyokaa na watu

Ukitaka kuona mambo yanavyoweza kufanywa vizuri, tazama Unguja na Pemba. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Zanzibar ilijaribu kupambana na kichocho kwa njia tatu: dawa, kuua konokono, na kubadilisha mazoea. Katika hiyo ya tatu, wataalamu hawakuja na mabango yaliyochapishwa ng'ambo. Walikaa na walimu wa shule na madrasa, wazazi na watoto, wakauliza: mnaogelea wapi, mnakojoa wapi, kwa nini mnafua pale? Kutokana na majibu wakajenga vyoo vya kukojolea karibu na sehemu za maji, sehemu za kufulia ambazo mama hahitaji kuingia mtoni, na masomo ya darasani ya kuonyesha safari ya mnyoo. Maambukizi yalishuka sana.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Kwa kutibu watu, kuua konokono na kujengea mifereji kwa saruji, ilitangaza mwaka 1996 kwamba imeung'oa kabisa mnyoo wake. Kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba kichocho ni desturi ya Pwani. Kina chanzo, kina njia, na njia inaweza kuzibwa.

Dawa peke yake haizibi. Prazikwanteli huua mnyoo uliokomaa, lakini haikukingi usiambukizwe tena kesho ukirudi dimbwini. Bila maji ya bomba na bila vyoo, mtoto wa Milalani atameza vidonge mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine. Hapo suala linatoka maabara linaingia kwenye bajeti ya kaunti, na bajeti ni jambo ambalo wewe mwenye kura unaruhusiwa kuliuliza.

Wewe ufanyeje?

Ukiona damu kwenye mkojo, usione haya, wala usijipe moyo kwamba itapita. Nenda hospitali. Kichocho kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamekiweka miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu. Dada yangu, nawe ujue kwamba mayai yakinasa kwenye viungo vya uzazi huleta maumivu na kutokwa damu, na mara nyingi watu hudhani ni ugonjwa wa zinaa. Ukipata dalili kama hizo na umewahi kuogelea kwenye maji matamu, mwambie daktari hata asipouliza. Huna la kuonea aibu, uliingiwa na mnyoo tu.

Ukienda ushago kwa likizo, wape wadogo zako simulizi hii. Waeleze konokono anafanya nini mchana. Waambie wakojoe chooni kabla ya kwenda majini. Neno lako wewe kaka au dada wa mjini, mwenye simu na viatu vizuri, wanaweza kulisikia kuliko bango la serikali.

Na kama unasoma sayansi na unaona aibu kwa sababu unapenda vitu ambavyo wenzako wanavicheka, mkumbuke kijana wa Sigmaringen na damu ya konokono wake. Duniani zaidi ya watu milioni 200 bado wanahitaji kukingwa au kutibiwa ugonjwa huu, na karibu tisa kati ya kila kumi wako Afrika. Dawa mpya ya watoto wadogo wa chini ya umri wa kwenda shule ilijaribiwa hapahapa Kenya na Ivory Coast kabla ya kuidhinishwa. Kazi haijaisha, na safari hii hadubini inaweza kushikwa na mtoto wa Msambweni.

Ila siku utakapoishika, mwandike jina yule aliyekupa kikopo. Kisha rudi kijijini umwambie ulichokiona.